Batli ya U-852: Amri, Dharura na Watu Waliokuwa Majini

Tarehe 3 Mei 1944, nyambizi ya Kijerumani U-852 ilipanda mwamba karibu na Bandarbeyla, kusini mwa Rasi Hafun, katika pwani ya Somalia. Tangu siku iliyotangulia ilikuwa ikisakwa na ndege za Wellington za vikosi namba 8 na 621 vya jeshi la anga la Uingereza, zilizotoka Aden. Mabomu yao yalikuwa yameiumiza hata ikashindwa kuzama, na chombo cha chini ya maji kisichoweza kuzama hakina tena pa kujificha. Watu saba walikufa. Waliobaki, karibu sitini, walifika ufukoni, na huko wakatiwa mbaroni na askari wa Kikosi cha Ngamia cha Somaliland pamoja na wanamaji wa Kiingereza waliotelemshwa pwani.

Manahodha wa majahazi yaliyokuwa yakienda Arabuni waliijua pwani hiyo kwa karne nyingi, na waliiogopa hasa majira ya kusi yanapoanza. Jambo geni katika siku hiyo ya Mei lilikuwa kile chombo kilichotupwa ufukoni na karatasi zilizokuwemo ndani yake. Kamanda alikuwa ametega baruti ili chombo chake kisiangukie mikononi mwa adui, lakini baruti haikuteketeza kila kitu. Miongoni mwa vilivyookotwa ilikuwamo batli, yaani kitabu ambamo mwendo wa chombo huandikwa siku kwa siku. Batli hiyo ilitaja meli iliyozamishwa tarehe 13 Machi katika Atlantiki ya kusini. Wapelelezi walipolinganisha tarehe na mahali palipotajwa na habari za mabaharia watatu waliookotwa baharini, walitambua kwamba walikuwa wamepata chombo kilichokuwa na deni la damu.

Leo watu wengi wenye asili ya Somalia na ya nchi jirani wanaishi mbali na bahari hiyo. Columbus, Ohio, ni mojawapo ya makao makubwa ya Wasomali nchini Marekani. Louisville, Kentucky, na Buffalo, New York, zimezipokea familia za Wabantu wa Somalia, ambao mababu wa wengi wao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanzania na Msumbiji, na pia familia za Wakongo zilizopitia kambi za wakimbizi. Katika miji hiyo mitatu Kiswahili husikika dukani, kanisani na msikitini. Wengi wa wasemaji wake walikimbia vita ambamo mwenye bunduki, akiulizwa kwa nini alifanya aliyoyafanya, alikuwa na jibu la neno moja: niliamrishwa. Hilo ndilo neno lililopelekwa kizimbani na wanamaji wa U-852, na kwa sababu hiyo historia ya nyambizi iliyofanya safari moja tu ya vita inawahusu watu ambao pengine hawajapata kusikia jina lake.

Chombo chenyewe kiliundwa Bremen, katika karakana ya AG Weser, na kikaingia kazini tarehe 15 Juni 1943. Kilikuwa cha aina ya IXD2, kubwa kuliko nyambizi nyingi za Kijerumani za wakati huo: urefu wake ulikaribia mita 88, na matangi yake yaliweza kubeba mafuta ya kuuzunguka upande wa kusini wa Afrika hadi Bahari ya Hindi. Anayeishi Buffalo anaweza kupata picha ya maisha ya chombo cha namna hiyo bila kwenda mbali, kwa kuwa nyambizi ya Kimarekani Croaker, ya vita vilevile, imetiwa nanga mjini humo kama makumbusho. Ni ndefu kidogo kuliko U-852, na bado mgeni anayeingia ndani hulazimika kuinama mlangoni na kujibana ukutani ili mwenzake apite. Katika nafasi kama hiyo watu wasiopungua sitini walilala, walikula na kuvuta hewa moja kwa miezi. Humo amri haitoki mbali: anayeamuru na anayeamriwa husikiana pumzi.

Kamanda wa U-852 alikuwa Heinz-Wilhelm Eck, mzaliwa wa Hamburg, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 28. Alikuwa na uzoefu wa meli za kutegua mabomu ya baharini, lakini nyambizi hii ilikuwa ya kwanza kuwa chini ya mkono wake. Aliondoka Kiel tarehe 18 Januari 1944 kuelekea Bahari ya Hindi, ambako Wajerumani walikuwa wakikitumia kituo cha Penang kwa hisani ya Wajapani. Kabla ya kuondoka alionywa kwamba Atlantiki ilikuwa imegeuka kaburi la nyambizi za aina yake. Nne zilizomtangulia, U-847, U-848, U-849 na U-850, zilikuwa zimezamishwa zote na ndege katika miezi ya mwisho ya 1943. Onyo hilo alilibeba mpaka mahakamani.

Jioni ya tarehe 13 Machi, Eck aliikuta meli ya mizigo ya Kigiriki Peleus, iliyokuwa imetoka Freetown siku chache kabla na ilikuwa ikielekea Amerika ya Kusini bila shehena. Wagiriki ndio waliokuwa wengi ndani yake, na pamoja nao walikuwamo Waingereza, Wamisri, Wachina, na mtu wa Aden. Topido mbili ziliipiga, nayo ikazama kwa dakika chache mno. Waliorushwa majini wakiwa hai walishika vyelezo na mbao zilizokuwa zikielea. Mpaka hapo lilikuwa tukio la kawaida katika vita vile, na hakuna mahakama ambayo ingemwita Eck ajibu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomwita. Nyambizi ilisogea kwenye vyelezo, na manusura wakahojiwa jina la meli yao na ilikokuwa ikienda. Kisha ikajitenga kidogo, bunduki za rashasha zikapandishwa juu, nayo ikarudi gizani. Kwa muda wa saa tano hivi ilizunguka katikati ya mabaki, watu wake wakivimiminia vyelezo risasi na kuvitupia mabomu ya mkono. Eck alieleza baadaye kwamba shabaha yake ilikuwa vyelezo, wala si watu. Asubuhi ndege ingeweza kuyaona mabaki na kujua kwamba kuna nyambizi karibu, kwa hiyo alitaka kila kinachoelea kizame. Vyelezo havikuzama. Waliokuwa juu yake ndio waliokufa.

Wachache walibaki hai kwa kulala kimya kana kwamba wamekufa. Afisa mmoja kati yao alifariki kwa majeraha baada ya siku nyingi za kuelea. Watatu, Antonios Liossis, Dimitrios Argiros na Rocco Said, waliendelea kupeperushwa na mkondo kwa zaidi ya mwezi mmoja, mpaka walipookotwa tarehe 20 Aprili na meli ya Kireno na kupelekwa Lobito, Angola. Laiti wasingeokotwa, batli ingebaki na mstari mmoja wa meli iliyozamishwa, na hakuna ambaye angejua yaliyotendeka katika saa tano zilizofuata.

Kabla ya kufika Bandarbeyla, U-852 ilizamisha meli nyingine. Tarehe 1 Aprili, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, iliipiga meli ya Kiingereza Dahomian. Safari hii nyambizi ilikwenda zake, na karibu mabaharia wote wa meli hiyo waliokolewa. Tofauti ya matukio hayo mawili inafaa kuzingatiwa. Chombo ni kilekile, kamanda ni yuleyule, na hatari ya ndege haikuwa imekwisha. Kama usalama wa nyambizi ulidai kwamba kila alama ifutwe, basi siku ya Dahomian kamanda huyo alionyesha kwamba njia nyingine ilikuwapo nayo ilipitika.

Kesi ilisikilizwa Hamburg, mji alikozaliwa Eck, kuanzia tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza. Kwa kuwa meli iliyozamishwa ilikuwa ya Kigiriki, maofisa wawili wa jeshi la majini la Ugiriki walikaa pamoja na Waingereza watano. Washtakiwa walikuwa watano: Eck, August Hoffmann, afisa kijana, Walter Weispfennig, daktari wa chombo, Hans Lenz, mhandisi mkuu, na Wolfgang Schwender, baharia wa kawaida. Ushahidi wa manusura ulitolewa kwa hati za kiapo, na baadhi ya mabaharia wa U-852 wenyewe walisimama kueleza waliyoyaona.

Hoja za utetezi zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa ya mtu wa ngazi yake. Ya kwanza, dharura ya kivita, ilikuwa ya kamanda. Eck hakumtupia lawama mkubwa wake yeyote. Alisema amri ilikuwa yake, na aliitoa ili kukiokoa chombo na watu wake. Mshauri wa sheria wa mahakama aliirudisha hoja hiyo kwenye saa ya ukutani: mtu anayeogopa kugunduliwa, je, hukaa saa tano mahali pa tukio, au hutumia giza kwenda mbali kadiri mitambo yake inavyoruhusu? Adalbert Schnee, kamanda mzoefu wa nyambizi aliyeitwa na utetezi, naye hakuwa msaada mkubwa. Alipobanwa kwa maswali, maelezo aliyoweza kuyatoa ni kwamba huenda Eck alipoteza ujasiri wa moyo.

Hoja ya pili, amri ya mkubwa, ilikuwa ya wale wanne. Hapa mahakama ilikuwa na jambo gumu mbele yake. Kitabu cha sheria za kijeshi cha Uingereza kilikuwa kimeikubali hoja hiyo kwa miaka mingi, na kilirekebishwa Aprili 1944, mwezi mmoja baada ya Peleus kuzama. Lakini kulikuwa na hukumu ya zamani zaidi, nayo ilitolewa na Wajerumani wenyewe. Mwaka 1921, mahakama kuu ya Leipzig iliwatia hatiani maofisa wawili wa nyambizi U-86 kwa kushiriki kuwapiga risasi manusura wa meli ya hospitali Llandovery Castle, iliyozamishwa mwaka 1918. Majaji wa Leipzig walisema kwamba amri ambayo ubatili wake uko wazi kwa kila mtu haimkingi anayeitii. Mshauri wa sheria wa Hamburg aliifuata njia hiyo. Alikubali kwamba baharia hatembei na maktaba ya sheria za mataifa, wala hana profesa wa kumuuliza kila anapoamriwa. Akauliza, hata hivyo, kama mtu anahitaji maktaba ili ajue kwamba kumpiga risasi aliyeshikilia ubao majini, asiye na silaha, ni kosa.

Maelezo ya Lenz, mhandisi, ndiyo yanayomtia msomaji mashakani zaidi kuliko yote. Aliposikia amri alimwendea kamanda na kumwambia kwamba hakubaliani nayo. Baadaye alipanda juu, akamkuta Schwender na bunduki, akamnyang'anya na kufyatua yeye. Sababu aliyoitoa ni kwamba alimwona Schwender kuwa mtu asiyestahili kupewa kazi hiyo. Huyu ni mtu aliyejua kwamba jambo ni baya, akalisema mbele ya aliyekuwa na uwezo wa kulizuia, kisha akalitenda kwa mkono wake. Kesi nzima iko katika hatua chache za ngazi kati ya maneno yake na kidole chake. Daktari Weispfennig hakupata hata nafasi hiyo ya kujitetea: kazi yake chomboni ilikuwa kuponya, na hakupaswa kamwe kushika silaha.

Wote watano walipatikana na hatia. Eck, Hoffmann na Weispfennig walihukumiwa kifo na kupigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Lenz alipewa kifungo cha maisha, Schwender miaka 15. Eck ndiye kamanda pekee wa nyambizi ya Kijerumani aliyeuawa na washindi wa vita vile kwa kosa la namna hiyo. Mkubwa wa nyambizi zote, Karl Dönitz, alishtakiwa Nuremberg. Mahakama hiyo iliona kwamba maagizo yake kuhusu manusura yalikuwa na utata unaostahili lawama kali, lakini haikuridhika kwamba aliamuru wauawe. Alifungwa miaka kumi kwa makosa mengine. Kwa hiyo damu ya Peleus iliishia kwa kijana wa miaka 29 na waliokuwa chini yake.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki ana sababu ya kuongeza swali ambalo halikuulizwa Hamburg. Tarehe 12 Februari 1944, mwezi mmoja kabla ya Peleus, meli ya Kiingereza Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa karibu na Maldivi na nyambizi ya Kijapani I-27. Ndani yake walikuwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Nyambizi ilijificha chini ya mahali manusura walipokuwa wakielea. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, zililazimika kuchagua kati ya kuiacha iondoke na kuzitishia meli nyingine za msafara, au kurusha mabomu yanayolipuka chini ya maji mahali palipokuwa na watu wao wenyewe. Zilirusha. I-27 ilizamishwa hatimaye. Waliokufa siku hiyo ni karibu 1,300, na majina ya askari wengi wa Kiafrika yamechongwa katika mnara wa kumbukumbu jijini Nairobi.

Matukio hayo mawili hayafanani kwa kila hali. Petard ilikuwa na adui mwenye silaha chini yake wakati uleule. U-852 ilikuwa na vyelezo tu. Anayesema kwamba ni jambo moja analiondolea neno dharura maana yake. Lakini anayesema kwamba hayana uhusiano wowote naye amesahau kwamba dharura ya mshindi haikupimwa na mahakama, na kwamba wajane wa wapiga mizinga wale hawakuitwa popote kueleza hasara yao. Haki iliyotendeka Hamburg ilikuwa haki ya kweli iliyotendwa na upande mmoja. Kasoro hiyo haiwafufui waliouawa juu ya vyelezo, wala haimtoi Eck hatiani. Inachotaka ni kwamba kanuni iliyomhukumu isibaki mali ya washindi.

Kanuni hiyo imeonekana pia mbali na bahari, huko Columbus. Mwaka 2010, profesa wa sheria kutoka Somalia, ambaye mwaka 1988 alikamatwa Mogadishu na kuteswa na idara ya usalama ya serikali ya Siad Barre, alifungua shauri la madai katika mahakama ya shirikisho mjini humo dhidi ya kanali mstaafu aliyekuwa akiongoza upelelezi katika idara hiyo, na ambaye alikuwa amehamia Ohio. Mwaka 2012 jaji aliamua kwamba kanali anawajibika, na mwaka uliofuata akaamuru mlalamikaji alipwe fidia ya dola milioni 15. Hapa swali lilikuwa limegeuzwa. Hamburg iliwaambia wanaotii kwamba amri haiwakingi. Columbus ilimwambia anayeamuru kwamba umbali kati ya meza yake na chumba cha mateso haumkingi. Ni pande mbili za sarafu moja, nayo bila upande mmojawapo haipokelewi sokoni.

Katika miji kama Louisville na Buffalo, aliyetoroka na aliyemtorosha wanaweza kujikuta wamepanga mtaa mmoja, watoto wao wakipanda basi moja la shule. Wazee wengi wamechagua kunyamaza, na kimya chao kina hekima yake: watoto wanapaswa kukua. Hata hivyo kusamehe kunahitaji kujua ni nini kinachosamehewa, na nani alikitenda. Asiye na jina la mkosaji hana wa kumsamehe. Kwa hiyo ushahidi mdogo una uzito mkubwa: tarehe iliyokumbukwa na bibi, namba ya kikosi, jina la kijiji, cheo cha aliyesimama mlangoni akitoa amri.

Eck alisafiri akiamini kwamba bahari haiweki alama, na kwamba kilichobaki ni kuzamisha mbao. Kwa saa tano alijaribu kulifuta jambo lake. Mwishowe lilihifadhiwa na watu watatu ambao hawakuzama, na na batli iliyoandikwa chomboni mwake mwenyewe, ikaokotwa katika pwani ambayo hakukusudia kamwe kutia nanga.